Kituo cha Mwisho au Kivuko? Uhakiki wa Stesheni ya Hoboken

Katika madarasa yetu ya tafsiri neno "teminali" limezoeleka kufasiriwa "kituo cha mwisho". Tafsiri hiyo haina ubaya ikiwa tunazungumzia basi linalofika mwisho wa safari yake na kugeuza. Lakini mwaka huu tuliwapa wanafunzi aya inayoeleza stesheni ya Hoboken, na hapo "kituo cha mwisho" kikatuletea taabu. Ili kuonyesha taabu yenyewe, inatubidi tulihakiki jengo hilo kama tunavyohakiki tamthiliya. Wapo watakaouliza tangu lini jengo likahakikiwa katika idara ya Kiswahili. Jengo nalo lina fani na maudhui, na mfasiri asiyelisoma jengo hufasiri maneno matupu.

Hoboken ni mji mdogo wa jimbo la New Jersey, Marekani, katika ukingo wa magharibi wa mto Hudson. Ng'ambo ya mto ni Manhattan, kwenye kazi na biashara za New York. Kwa miaka mingi reli zilizotoka bara zilikomea ukingoni hapo, na abiria wakavuka kwa vyombo vya majini. Kampuni ya Pennsylvania ilichimba njia chini ya mto na kuingiza treni zake Manhattan mwaka 1910. Kampuni ya Delaware, Lackawanna and Western haikufanya hivyo. Stesheni yake ya awali iliungua mwaka 1905, na mwaka 1907 ikafungua jengo tunalolijadili, lililosanifiwa na Kenneth Murchison. Mwaka uliofuata treni za chini ya ardhi zilianza kupita chini ya mto kutoka hapo hapo.

Sasa tutazame fani. Uso mkuu wa jengo hili umeelekezwa majini. Umevikwa shaba iliyogeuka kijani kwa umri, na jina la Lackawanna limeandikwa kwa herufi kubwa za kusomwa na mtu aliye mtoni. Hii ina maana kwamba msanifu alimfikiria kwanza mtu anayekuja kwa chombo. Reli zimewekwa mgongoni. Ndani, kati ya majukwaa ya treni na magati ya vivuko, mtu hutembea mwendo mfupi tu. Jengo zima limekaa kama mlango wenye vizingiti viwili, kimoja cha reli na kimoja cha maji.

Wanaolisifu jengo hili aghalabu hukimbilia ukumbi wa kusubiria na dari lake la vioo vya rangi, ambavyo hunasibishwa na Louis Comfort Tiffany. Ni kweli ukumbi unapendeza. Hata hivyo, tunadhani sifa hizo zimeelekezwa mahali pasipostahili, kama mhakiki anayesifu jalada la riwaya. Ufundi mkubwa uko juu ya majukwaa. Kabla ya hapo stesheni kubwa zilijengewa mapaa marefu ya matao, ambayo moshi wa vichwa vya treni ulijikusanya chini yake. Mhandisi Lincoln Bush alibuni paa la chini, lenye mianya iliyopangwa juu ya kila njia ya reli ili moshi utoke moja kwa moja. Hoboken ndiyo iliyotangulia kupata paa la namna hiyo, na stesheni nyingine zikaiga. Abiria wa kila siku hatazami juu kuona mianya ile, ila iliwafaa abiria wengi kila asubuhi na jioni, hata baada ya Thomas Edison kuendesha treni ya kwanza ya umeme kutoka hapo mwaka 1930.

Maudhui ya jengo yalijaribiwa mwaka 1967, vivuko viliposimamishwa. Tangu hapo hadi 1989 uso ule wa shaba uliutazama mto usioleta abiria. Treni ziliendelea, treni za chini ya ardhi ziliendelea, lakini upande wa maji ulikuwa pambo tu. Huo ndio wakati pekee ambao upande ule wa jengo ulistahili kuitwa mwisho. Vivuko viliporejea mwaka 1989 havikutumia magati ya asili. Hayo yalisubiri hadi 2011. Mnara wa saa, uliokuwa umeondolewa katikati ya karne iliyopita, ulijengwa upya mwaka 2007. Mnara ukatangulia gati! Tunaukosoa mpangilio huo bila kumung'unya maneno, kwa kuwa msafiri hawezi kupanda saa. Mwaka 2012 tufani ya Sandy ilijaza maji ukumbini na katika njia za chini ya ardhi, na treni hizo hazikurejea Hoboken hadi Desemba.

Hata hivyo, kuna anayekoma kweli mahali hapa, naye ni treni. Asubuhi ya tarehe 29 Septemba 2016 treni moja iliingia kwa mwendo wa zaidi ya mara mbili ya ule ulioruhusiwa, ikapita vizuizi vya mwisho wa reli na kugonga jengo. Mtu mmoja aliyekuwa amesimama alifariki na wengine zaidi ya 100 wakajeruhiwa. Uchunguzi ulieleza kwamba dereva alikuwa na uchovu uliotokana na maradhi ya usingizi ambayo hayakuwa yamegunduliwa, na kwamba hapakuwa na mtambo wa kuisimamisha treni yenyewe mahali hapo. Kwa hiyo "mwisho" ni neno zito kwa treni na wahandisi wake, wala hatusemi lifutwe. Tunasema mfasiri aulize kwanza: mwisho wa nani?

Kwa abiria, Hoboken ni mahali pa kuhama chombo: treni, kivuko, basi, na tangu 2002 treni nyepesi za mjini. Mwanafunzi mmoja aliandika "bandari ya treni", na wenzake wakamcheka. Sisi tulimpa alama kwa kuona maji, ambayo wenzake hawakuyaona, tukamkata kidogo kwa sababu bandari hutufikirisha shehena na meli kubwa. Port Bell, ambako mabehewa ya mizigo yamekuwa yakipakiwa melini kuvuka Ziwa Viktoria, ndiko kunakostahili jina hilo zaidi.

Neno tunalolipendelea ni "kivuko". Wakazi wa Dar es Salaam hulitumia kwa chombo kinachovusha watu kwenda Kigamboni na pia kwa mahali pa kuvukia. Wapo watakaosema utata huo ni udhaifu. Katika aya hii ulitufaa, kwani tuliandika "stesheni ya kivukoni", na ile "kituo cha mwisho" tukaiacha katika sentensi moja tu, inayoeleza vizuizi vya reli.