Nukta za Zambarau

Fundi alikuwa na bisibisi moja ya nyota, ncha yake imelika, na kwa hiyo hiyo alifungua kila kitu: pedi, redio, simu, hata kitasa cha jirani siku funguo zilipopotea. Kibanda chake kilikuwa Mwanjelwa, Mbeya, kwenye kichochoro ambacho mvua ikinyesha kinageuka mfereji. Julai, baridi ikishuka, tulikaa mle ndani na makoti na kofia za sufu, tumebanana kwenye benchi moja mbele ya TV mbili za chogo. PS2 mbili, pedi nne, mchezo mmoja shilingi mia mbili, aliyefungwa anainuka. Mimi nilikuwa nimeshapita umri wa vibanda vya gemu, nina mke na kazi, lakini nilipita pale karibu kila jioni kwa kisingizio cha kuchaji simu.

Nilichokuwa nafuata ni mikono yake. Pedi ikigoma kupiga shuti, hakukimbilia kununua nyingine. Aliifungua juu ya gazeti, akapanga skrubu kwenye kizibo cha chupa, akaitoa ile raba ya vitufe na kuigeuza tumbo juu. Chini ya kila kitufe kuna kidoa cheusi. Kikichakaa, unabonyeza mpaka kidole kinauma na mshambuliaji anakutazama tu kama vile hamjuani. Fundi alikifuta kwa pamba yenye spiriti, kisha akakisugua taratibu kwa ncha ya penseli mpaka king'ae. Akafunga. Akabonyeza kila kitufe mara tatu, macho ameyatupa nje, maana alikuwa anasikiliza. “Mraba unaitika,” alisema, akamrudishia mtoto pedi. “Mdogo wangu, usiipige chini tena. Umefungwa na mwenzio, hujafungwa na pedi.”

Mchezo wenyewe ulikuwa PES (Pro Evolution Soccer), ambao wakongwe wa benchi walikuwa bado wanauita Winning Eleven. Konami, kampuni ya Japani, haikuwa na leseni ya majina yote ya Ulaya, kwa hiyo kwenye PES 6 ya mwaka 2006 Chelsea ilikuwa London FC na Liverpool ilikuwa Merseyside Red. Hakuna aliyelalamika. Tuliujua mguu wa kushoto wa Adriano wa Inter Milan kuliko tulivyowajua wajumbe wetu wa nyumba kumi. Tuliwajua Castolo na Minanda wa Master League, ile sehemu ya kuongoza klabu yako mwenyewe, wachezaji ambao hawajapata kuzaliwa popote duniani, tukawahurumia kwa uzito wao kama mtu anavyomhurumia shemeji asiye na kazi. Na tulijua kwamba ukishika R1 na R2 kwa pamoja, mchezaji anaacha njia aliyopangiwa na mashine na kukufuata wewe. Jambo hilo halikuandikwa ukutani. Lilipita kutoka kidole hadi kidole.

Hapo ndipo ulipokuwa ufundi wa wale Wajapani, na mpaka leo naona haujasifiwa inavyostahili. Kila mwaka walileta toleo jipya, na kila toleo lilikiheshimu kidole cha mchezaji. Mraba ulibaki kuwa shuti. Duara likabaki kuwa pasi ndefu. Waliongeza chenga, wakanyoosha mabega ya mabeki, wakawapa makipa akili kidogo (si nyingi), lakini ulichokijua jana kilikusaidia leo. Mwendelezo mzuri ni kama mtoto wa rafiki yako: hujawahi kumwona, lakini akicheka tu unajua ni wa nani.

Msimu wa 2013/14 Mbeya City ilikuwa ndiyo kwanza imepanda Ligi Kuu. Waliokuwepo watakumbuka Uwanja wa Sokoine ulivyokuwa ukijaa, na mji ulivyogeuka zambarau, kuanzia vitenge hadi bajaji. Timu ilimaliza ya tatu, juu ya Simba. Katikati ya homa hiyo Fundi aliamua kwamba haiwezekani mji mzima uvae zambarau halafu kibandani kwake watu waendelee kucheza na Barcelona.

PES ilikuwa na sehemu ya kuhariri, ambayo wengi hawakuifungua hata siku moja. Fundi akachukua timu moja ya Ulaya isiyochezwa na mtu, akaifuta jina. Akaanza na jezi, ikawa rahisi. Kisha akaja kwenye nembo. Mchezo ulikupa ubao wa vijiraba vidogo, na kila kijiraba unakijaza rangi kwa pedi, kimoja baada ya kingine: unasogea, unabonyeza, unasogea, unabonyeza. Ukiteleza, unafuta. Umeme ukikatika hujahifadhi, unaanza upya, na umeme ulikatika. Alikuwa amechora nembo kwanza kwenye daftari la hesabu, lile la miraba, kwa kalamu mbili, na pembeni ya kila mstari ameandika tarakimu: tatu nyeupe, saba zambarau, mbili nyeupe. Akawa anahesabu chini kwa chini kama mtu anayesali. Wateja walinuna, maana TV moja ilikuwa imeshikwa usiku kucha na haiingizi hata senti.

Nilimuuliza nani alimfundisha kuhesabu hivyo.

“Mama,” alisema, bila kugeuka.

Mama yake ni mtu wa Iringa, msusi wa vikapu vya milulu, vile vigumu vilivyobanwa hata maji yanaona haya kupita. Fundi alikuwa amekua akimwona mama akihesabu nyuzi ili ua litokee mahali pake upande wa pili wa kikapu, mahali ambapo jicho haliwezi kufika kabla mkono haujafika. Baada ya nembo akageukia wachezaji, mmoja mmoja: urefu, rangi ya ngozi, mtindo wa nywele, nani anatumia mguu wa kushoto, nani ana mbio lakini hana krosi. Alibishana na watu wa sokoni kuhusu alama za kila mmoja. Muuza viazi mmoja alikuja mara mbili kudai beki wa kulia apunguziwe. Zilipita wiki tatu. Timu yote ikahifadhiwa kwenye memori kadi ya MB 8, kitu chembamba kuliko kiberiti, na mechi ya kwanza Mbeya City ikafungwa manne na Barcelona. Benchi zima lilisimama kushangilia kona.

Msimu huo huo, Novemba 2013, ikatoka PES 2014 ya PS2, na ikawa mchezo wa mwisho kutengenezewa PS2, mashine iliyozaliwa mwaka 2000 na ambayo viwanda vilikuwa vimeacha kuitengeneza mwanzoni mwa 2013. Kwenye mashine kubwa toleo lile lilikuja na injini mpya, Fox Engine. Miili ikapata uzito, mpira ukaacha kunasa mguuni kama umepakwa ulimbo. Kazi nzuri, sikatai. Lakini mvua hawakuja nayo. Toleo lililotangulia lilikuwa na mvua, hili jipya na la kisasa zaidi likawa halina, ikabidi watu wangoje mwaka mzima ndipo irudi. Waambie watu wa Mbeya kwamba kuna mpira usionyeshewa. Hapo nikaanza kuwashuku Konami.

Shuku yangu ilikomaa tarehe 30 Septemba 2021. Mwaka mmoja kabla, Konami walikuwa wametoa PES 2021 kama ile iliyotangulia, wamebadilisha vikosi na jezi tu, wakasema nguvu zao wanazipeleka kwenye kitu kipya. Kitu hicho ndicho eFootball 2022. Jina la PES likatupwa, injini ikatupwa, wakahamia Unreal Engine. Nisiwaonee: walifanya jambo moja kubwa, wakautoa mchezo bure. Kijana wa Uyole, hapo hapo Mbeya, ambaye asingeweza kununua sidii halali maisha yake yote, sasa angeweza kuupata, na Juni 2022 ulipofika kwenye simu ukamkuta mfukoni. Wala si haba kwamba vikosi hubadilika bila kununua toleo jingine, na kwamba kijana huyo anaweza kucheza na mtu wa Muscat au Nairobi akiwa kwenye daladala. Baba yake alilipa mia mbili kucheza na jirani.

Lakini kile walichokileta siku ile! Timu tisa za kucheza na mwenzako. Nyuso za Messi na Ronaldo zikageuka vichekesho dunia nzima, na kwenye duka la Steam wachezaji waliupa mchezo alama za chini kuliko mwingine wowote uliokuwepo. Kesho yake kampuni ikaomba radhi. Marekebisho yaliyoahidiwa yalisogezwa mbele hadi Aprili 2022.

Nyuso zingesameheka, hata nembo ya kwanza ya Fundi ilifanana na sufuria. Kisichosameheka ni kwamba walitoa mchezo usio na sehemu ya kuhariri na usio na Master League, kwa hiyo Castolo na Minanda wakafukuzwa kazi bila barua, na mtu mwenye daftari la miraba hakuwa na mahali pa kuliweka. Mchezo ukawa nyumba ya kupanga. Bila intaneti haufunguki, bando likiisha umeisha nawe, na rangi za ukuta anachagua mwenye nyumba. Hata kidole kiliambiwa kijifunze upya. Msusi wa Iringa akianza kikapu cha pili hasahau kwa makusudi kile cha kwanza. Anaanzia pale pale kitakoni, kwa mkunjo ule ule, na upya wake unaonekana juu, kwenye ua. Wale Wajapani walianza kikapu kwa kukana kitako.

Vijana wa hapa nchini hawakungoja ruhusa. Walikuwa wameshazichukua PES za zamani za PSP, wakazitia kwenye simu, wakavalisha timu jezi za Simba na Yanga, wakarushiana kwenye makundi ya WhatsApp. Kuhusu uhalali wake nawaachia wanasheria. Ninachojua ni kwamba wanahesabu vijiraba kama alivyohesabu Fundi, na kwamba wanafanya hivyo kwa mchezo wa zamani, kwa sababu mpya haukuwaachia nafasi.

Kibanda cha Mwanjelwa sasa ni cha wakala wa miamala. Mwaka jana nilipanda basi, nikapita Makambako na Mafinga, nikamkuta Fundi Iringa, Mlandege, anabadilisha vioo vya simu. Hakuna cha kufungua siku hizi, aliniambia, vitu vinakuja vimebandikwa kwa gundi. Jioni alinichukua hadi kwa mama yake. Nilimwamkia, akanijibu na kuniongezea “kamwene” ya nyumbani, kisha akarudi kwenye milulu yake, kikapu kikubwa, ua ndiyo kwanza linaanza kufunguka.

Kwenye rafu kulikuwa na kikapu kidogo cha zamani chenye mfuniko. Ndani yake vifungo, sindano mbili, betri iliyokufa, na ile memori kadi, ina vumbi lakini pini zake bado zinang'aa. PS2 zote mbili zililiwa na mende na radi ya Mbeya. Fundi aliigeuza kadi kwenye kiganja, akaipuliza, akairudisha.

Kama una PS2 stoo, hata kama lenzi yake haisomi, usimpe mtu wa chuma chakavu. Ipeleke Mlandege. Lenzi anaitengeneza.