Mchanga Unakwenda Wapi

"Mjomba, ule mchanga wanaupeleka wapi?"

Aliyeuliza ni mpwa wangu wa miaka saba. Mimi na dada yake tulikuwa tumetoa macho tukingoja filamu ituingize ndani ya kaburi la Wahtye, kuhani wa Misri aliyeishi miaka 4,400 hivi iliyopita, zama za mfalme Neferirkare. Yeye alikuwa akiwatazama wanaume waliokuwa wakitoa mchanga shimoni, kapu baada ya kapu, na kutoweka nao pembeni mwa kioo. Nikamwambia wanaumwaga kando. Akanyamaza, kimya cha mtoto aliyekwisha kutambua kwamba mkubwa hajui.

Kweli sikuwa najua. Watoto walipolala nikaanza kulitafutia swali lake jibu, nalo likanifikisha kwenye Bonde la Wafalme. Mwaka 1912 Theodore Davis, tajiri wa Kimarekani aliyekuwa na kibali cha kuchimba bondeni humo, aliandika kwamba anahofu bonde limekwisha, hakuna tena cha kupatikana. Mfalme kijana Tutankhamun alikuwa bado amelala mle. Waliochonga kaburi la Ramesses VI, karibu karne mbili baada ya kijana huyo kuzikwa, walimwaga vifusi vyao na kujenga vibanda vyao vya kazi juu ya mlango wake. Wezi wakapita juu yake, Davis naye akapita. Mpaka mchimbuzi Howard Carter alipoviondoa vibanda hivyo, na tarehe 4 Novemba 1922 kidato cha kwanza cha ngazi kikaonekana. Kwa hiyo "kando" niliyomtajia mtoto ndiyo iliyomficha mfalme kwa miaka zaidi ya 3,000.

Tangu hapo nimewatazama wachimbuzi kwa jicho jingine. Chombo chao cha kila saa ni mwiko, ule ule wa fundi mwashi, na Kiswahili kimelipa neno hilo maana ambayo sijaisikia ikiwafaa watu wengine kuliko hawa: mkono unakwangua udongo kwa mwiko, na moyo unakumbuka kwamba mbele yake kuna mwiko, kwani aliyelala pale ni mtu na alizikwa na waliomlilia. Udongo unaondolewa tabaka kwa tabaka. Kila tabaka linaandikwa kabla halijaguswa, maana likishaondolewa halirudi. Ukurasa unaosomwa mara moja tu, na kwa kuusoma unauchana, haumtaki mtu mwenye pupa.

Ndiyo maana nachagua sana filamu za kuwaonyesha watoto. Zipo zinazoanza kwa ngoma za kutisha na laana ya farao, nazo siwawekei. Wakiisikia laana kwingine na kuniuliza, nawahesabia miaka: Lord Carnarvon, aliyegharimia uchimbaji wa Carter, alifariki Aprili 1923 baada ya jeraha la kuumwa na mbu kuingia uchafu na kuitia damu sumu. Carter mwenyewe, aliyeufungua mlango na kufanya kazi mle ndani miaka kumi, aliishi hadi 1939. Filamu tuliyokuwa tukiitazama, iliyoongozwa na James Tovell na kutoka mwaka 2020, ni ya namna nyingine. Iko Saqqara, kama kilomita 30 kusini mwa Cairo, na wachimbuzi wote ni Wamisri: Mohammad Youssef anaongoza, Hamada Mansour yuko shimoni. Kaburi lenyewe lina urefu wa mita 10 tu na upana wa mita 3, kuta zake zimejaa sanamu 55 zilizochongwa kwenye mwamba. Hakuna dhahabu ya kujaza kioo. Kuna watu, na msimu unaokimbizana na Ramadhani.

Katika filamu za zamani watu hawa hupita nyuma ya Mzungu mwenye kofia, bila majina. Majina yao yapo. Msimamizi wa wachimbaji huko Misri huitwa rais, na watoto walipolisikia neno hilo wakadhani mkuu wa nchi amekuja kutembelea shimo. Nikawaeleza: huyu ndiye anayesema hapa chimba, hapa simama. Wengi wa marais hao walitoka Quft, mji wa Misri ya Juu, ambako mchimbuzi Flinders Petrie alichimba mwaka 1893 na 1894 na kuwafundisha kazi wenyeji. Wao wakaufanya ufundi huo kuwa wao, wakaurithisha baba kwa mwana. Carter aliwataja wanne wake kitabuni: Ahmed Gerigar, Gad Hassan, Hussein Abu Awad na Hussein Ahmed Said. Wale wa Giza, chini ya rais Said Ahmed Said, waliandika shajara za kazi kwa Kiarabu, kwa mikono yao. Natamani mtoto ayajue majina haya kabla ya kuyajua ya mafarao.

Mpwa wangu mkubwa alikuwa na hofu yake. Ilipotokea maiti iliyofungwa vitambaa akanong'ona: "Mjomba, ndiyo mumiani?" Kumbe hata kizazi chake kimetishwa na hadithi ile ya wanyonya damu. Nikasimamisha filamu. Nikamwambia kwamba mumiani ilikuwa dawa kwanza, kitu cheusi kama lami kilichotoka Uajemi, na watu wa pwani walikinunua kwa ajili ya maumivu na mifupa iliyovunjika. Maiti za Misri zilikuwa nyeusi kwa utomvu ziliopakwa, watu wakadhani ni lami ile ile, wakazipa jina la dawa. Huko Ulaya wakaenda mbali zaidi: walizisaga maiti zenyewe, wakaziuza madukani kama tiba, na wagonjwa wakazimeza.

Alifikiri kidogo. "Kumbe wao ndio walioliwa."

Hakuogopa tena. Mifupa ya jamaa ya Wahtye ilipopandishwa juu, alisogea karibu na kioo. Anayeisoma ni Amira Shaheen, daktari wa maradhi ya viungo wa Chuo Kikuu cha Cairo, na katika mifupa hiyo aliona dalili zilizomfanya ashuku malaria. Mpwa wangu anaijua malaria, ilimlaza mwaka jana. Akauliza kama walikuwa na chandarua.

Swali hilo ni zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa kuhusu Misri. Herodotus, Mgiriki aliyeandika karne ya tano kabla ya Kristo, anasema Wamisri wa mabwawani walitumia wavu wao wa samaki: mchana wanavulia, usiku wanauzungushia kitanda. Na kuna kitanda chenye fremu ya pazia kilichozikwa kwa ajili ya malkia Hetepheres, mama yake Khufu, mjenzi wa piramidi kubwa. Timu ya mchimbuzi George Reisner na marais wa Quft ililikuta kaburi hilo Giza mwaka 1925, mwisho wa shimo lenye kina cha zaidi ya mita 25. Mbao za fanicha zilikuwa zimeoza na kunywea, zilizobaki ni ngozi nyembamba za dhahabu zilizoporomoka moja juu ya nyingine. Mwenye pupa angezoa dhahabu. Wao walilala kifudifudi juu ya magodoro, wakachora na kupiga picha kila kipande kilipoangukia kabla ya kukiinua, siku baada ya siku, kwa miezi mingi. Kwa kuwa walijua kila kipande kilikuwa wapi, waliweza kukisimamisha tena kitanda, kiti na fremu, kana kwamba mbao hazikuoza. Mbao zilikuwa zimekwenda zake, umbo lake likabaki kwenye mpangilio wa vumbi.

Juzi nilimpa mdogo jibu lake. Nikamwambia mchanga unapitishwa kwanza kwenye chekeche, shanga na vijifupa vinabaki, kisha unamwagwa mbali na kazi, na rais ndiye anayechagua pa kuumwaga. Alisikiliza mpaka mwisho, ameshika kijiko bila kula.

"Na pale wanapoumwaga," akasema, "chini yake wameshaangalia?"