Kipimo cha Nusu Dakika

Mchuma chai wa Bomet huchagua majani mawili na kichipukizi huku akipiga gumzo na mwenzake. Mkono wa namna hiyo ukianza kukosea, watu wa nyumbani hujua kabla ya daktari yeyote. Mzee anahangaika na kifungo kimoja cha shati. Mchana kutwa amelala, usiku anazurura uani. Majirani wananong'ona: wengine wanasema pombe, wengine wanasema amerogwa. Kumbe macho yake yamekuwa ya manjano, tumbo limejaa maji, na ugonjwa wa ini umeshapanda kichwani.

Akifikishwa Longisa, katika hospitali ya rufaa ya kaunti, kipimo ninachokistahi kuliko vyote hakihitaji hata umeme. "Mzee, nyoosha mikono mbele. Inua viganja, kama unayesimamisha gari. Tanua vidole. Kaa hivyo hivyo." Halafu daktari ananyamaza na kungoja.

Ufundi wenyewe uko katika kule kungoja. Sekunde kumi zinapita, mikono imetulia. Mwenye haraka angeandika kwamba hakuna kitu, ahamie kitanda kinachofuata. Anayeijua kazi hungoja nusu dakika nzima, macho hayabanduki kwenye vifundo vya mikono. Ghafla kiganja kimoja kinaanguka, kinarudi juu. Baada ya kitambo kinaanguka cha pili. Huku si kutetemeka kwa woga wala kwa baridi. Raymond Adams na Joseph Foley, walioieleza dalili hii Boston mwaka 1949, waligundua kwamba umeme wa misuli hukatika kwa sehemu ndogo ya sekunde, na mkono huporomoka kwa kukosa wa kuushikilia. Figo zikishindwa kazi dalili hiyo hiyo huweza kutokea, kwa hiyo daktari makini haishii kwenye mikono.

Chanzo cha ini kuvuruga ubongo kilitafutwa kwa subira kama hiyo. Mwaka 1877 Nikolai Eck, daktari wa Urusi, aliunganisha mishipa ya mbwa ili damu itokayo utumboni isipitie kwenye ini. Mwaka 1893 Ivan Pavlov na wenzake walionyesha kwamba mbwa waliofanyiwa hivyo walivurugikiwa na akili wakila nyama. Mwaka 1954 Sheila Sherlock na wenzake, jijini London, wakaeleza hali hiyo kwa binadamu. Bakteria wa utumboni wakivunjavunja protini hutoa amonia. Ini zima huigeuza yurea, ikatoka na mkojo. Ini likichakaa, au damu ikipata njia ya pembeni, amonia hufika kwenye ubongo na seli zake huvimba.

Cha kutia moyo ni kwamba mgonjwa huyu mara nyingi hurudi. Daktari husaka kilichomwangusha: choo kilichofunga, damu inayovuja tumboni, maambukizi, upungufu wa maji, kidonge cha usingizi. Humpa dawa ya laktulosi mpaka apate choo laini mara mbili au tatu kwa siku. Na kila asubuhi anaweza kumpa karatasi achore nyota ya pembe tano. Siku ya kwanza mistari inapishana hewani. Siku zinavyosonga, pembe zinakutana. Ukizipanga karatasi hizo kwa tarehe, unauona ubongo ukirejea, bila kumtoboa mtu sindano.

Basi wewe unayemuuguza mwenye ugonjwa wa ini, usimnyime maharagwe wala maziwa kwa kuogopa protini. Ushauri huo wa zamani umeachwa, kwa maana unamdhoofisha. Na siku usingizi wake utakapogeuka, usiku ukawa mchana, usingoje kesho. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, na umweleze daktari yote uliyoyaona nyumbani, hata yale ya kifungo cha shati.