Kicheko Hakibandikwi

Ukitaka kumjua mchekeshaji wa redio, acha mdomo wake, mtazame miguu. Kitengela, katika ukumbi wa mabati kando ya barabara ya Namanga, nilikaa nyuma ya fundi wa mitambo huku kikundi kikirekodi vichekesho mbele ya watu. Mzee aliyekiongoza alishika karatasi zisizobanwa pini. Ukurasa ukiisha, aliuachia uangukie zulia, usisikike. Alipotaka kufoka alirudi nyuma nusu hatua, akageuza shavu, sauti ikapita kando ya maiki; umbea ulipofika alisogea hadi midomo ikakaribia kuigusa. Kwa anayesikiliza akiwa Isinya au Kajiado mjini, nusu hatua hiyo ndiyo ua, mlango na chumba cha ndani.

Mchezo ulikuwa wa shemeji aliyekuja kusalimia akalala wiki nzima. Katikati, trela la saruji likapita, mabati yakatetemeka. Fundi akainua mkono ili warudie. Mzee hakurudia. Alinyamaza mpaka gari likaishia mbali, kisha akasema taratibu: "Mama watoto, kaka yako ameamka." Ukumbi ukalipuka. Naye akakingoja kicheko kishuke, asikikatize wala asikiache kipoe.

Pale Kitengela kicheko chenyewe hakitoki upande mmoja. Mzaha wa bei ya viwanja ulipotolewa, waliocheka kwanza walikuwa wazee wa Kimaasai wa mstari wa mbele, ambao huenda waliuza. Nyuma, waliohama Nairobi wakanunua walichelewa kidogo, tena kwa uchungu. Mzee aliyangoja makundi yote mawili.

Sikio hilo la kungoja kicheko lina ukoo wake. Enzi za redio ya taifa ya Sauti ya Kenya, wachekeshaji akina Mzee Pembe na Kipanga walikusanya mtaa mzima kwenye redio moja. Baadaye akaja Benson Wanjau, aliyejulikana kama Mzee Ojwang', aliyefariki Julai 2015. Wengi wanamkumbuka kwa Vitimbi ya runinga, lakini mimi humsikia zaidi ya ninavyomwona: Mkikuyu aliyezungumza Kiswahili cha lafudhi ya Kijaluo hadi watu wakaapa ni mtu wa ziwani. Lafudhi ya namna hiyo haipatikani kwa kejeli. Mtu ameketi na majirani, akawasikiliza kwa heshima.

Leo kicheko kiko kwenye kitufe. Kijana hujirekodi peke yake chumbani, akabonyeza, na umati usiojulikana ukacheka vilevile kwa mzaha mzuri na kwa mbovu. Simlaumu sana; ukumbi ni pesa, na nani atamlipia? Ila hajawahi kungojea mtu. Na redioni, saa ya vichekesho vilivyoandikwa vikafanyiwa mazoezi imechukuliwa na watangazaji wawili wa asubuhi, wanaocheka wenyewe kabla mzaha haujafika mwisho.