Nani Aimbaye? Sauti ya Mlezi katika Bembezi na Wasia wa Pwani

Katika miaka ya karibuni istilahi ya malezi ya asili imezoeleka vinywani mwa akina mama vijana wa Malindi, Watamu na Kilifi. Yanayokusudiwa ni mambo kadhaa yaliyofungamanishwa pamoja: mtoto anyonye maziwa ya mamaye bila ya kuchanganyiwa kitu kingine, abebwe kwa mbeleko, alale ubavuni pa mama, apakwe mafuta ya nazi yaliyopikwa nyumbani, na mama mwenyewe ale mchunga, mnavu na kisamvu, apunguze sukari na vyakula vya mikebe. (Mboga hizo, ambazo zamani zilihesabiwa kuwa kitoweo cha asiye na kitoweo, sasa huandaliwa wageni katika mikahawa ya ufukweni, na bei yake imepanda pamoja na hadhi yake.) Mengi kati ya mambo haya yana faida, na si kazi ya uhakiki wa fasihi kuyapima. Kazi yake inaanzia pale yanapoandamana na dai la kihistoria, kwamba hivi ndivyo mabibi wa pwani walivyolea. Ushahidi wa namna walivyolea, kwa sehemu kubwa, umo katika fasihi na katika lugha yenyewe: bembezi, tenzi za wasia, methali, na majina ya vitu vya uzazi. Makala haya yanauelekezea ushahidi huo swali moja ambalo halijaulizwa vya kutosha: katika tungo za malezi, anenaye ni nani?

Fasili iliyozoeleka, ambayo vitabu vya shule vimeikariri hadi ikawa kama sheria, ni kwamba bembezi ni wimbo ambao mama humwimbia mwanawe ili alale. Fasili hii haikutokana na kuzisikiliza nyimbo zenyewe. Katika bembezi nyingi mama hutajwa kwa nafsi ya tatu. Mtoto hubembelezwa anyamaze kwa sababu mama yu njiani. Amekwenda kisimani, au shambani, au sokoni, na atakaporudi atakuwa na kitu mkononi. Katika tungo kama hizi nafsineni si mama. Ni mtu aliyeachiwa mtoto: dada mwenye miaka minane au tisa, bibi, shangazi, jirani. Ahadi ndiyo silaha yake kwa kuwa hana nyingine, hana maziwa. Nayo maneno ya kutisha, ya fisi au ya zimwi, ambayo mara nyingine huchomoza ghafla katika utungo uliokuwa mtulivu, huelezwa kwa nadharia nzito za saikolojia, ilhali yangeeleweka kwa wepesi zaidi yakichukuliwa kuwa ni maneno ya mtoto mkubwa aliyechoka kumpakata mtoto mdogo.

Yaweza kupingwa kwamba mama pia huimba nyimbo hizo hizo. Ni kweli. Lakini amezijulia wapi? Msichana wa Kigiriama aliyekulia Ganze au Magarini, ambako maji huwa mbali na shamba la mahindi humtaka mama tangu alfajiri ufikapo msimu wa kupalilia, alizijua akiwa na mdogo wake mgongoni. Anapokuwa mama huziimba bila ya kubadili nafsi, hata akawa anajitaja mwenyewe kana kwamba hayupo. Hapa pana jambo la kifani lenye uzito kuliko takriri na mapigo ya polepole ambayo aghalabu ndiyo huchambuliwa: sauti ya bembezi imerithiwa kutoka kwa mlezi, na mzazi huiazima tu. Methali isemayo kwamba mkono mmoja haulei mwana hufasiriwa kuwa nasaha ya ushirikiano. Ikiwekwa kando ya bembezi, inasomeka kama taarifa ya jinsi kazi ilivyogawanywa.

Katika fasihi andishi mahali pa kwanza pa kutazamia maarifa ya mama kwa mama ni Utendi wa Mwana Kupona. Mtunzi wake, Mwana Kupona binti Msham, aliutunga mwaka 1858 akiwa mgonjwa, miaka miwili baada ya kufiwa na mumewe, Bwana Mataka wa Siyu, ili amwachie bintiye Mwana Hashima. Ijapokuwa ni zao la kisiwa cha Pate, utendi huu umesomwa na kuhifadhiwa mwambao mzima. Alice Werner na William Hichens waliuchapisha mwaka 1934 kwa anwani inayoutambulisha kuwa ni wasia juu ya wajibu wa mke, na tangu hapo ubishi juu yake umekuwa ubishi wa ndoa: je, unahubiri utiifu, au, kama Ann Biersteker alivyotaka mwaka 1991, usomwe upya kwa kuzingatia lugha na mamlaka? Ubishi huo umesahaulisha jambo lililo wazi. Huu ni utungo wa mama anayejua kwamba hatakuwapo bintiye atakapojifungua, na juu ya kulea mtoto mchanga hausemi takribani lolote.

Mtoto mchanga yumo lakini, kwa njia ya tashbihi. Baada ya kumwagiza binti asimwamshe mume kwa ghafla, akae karibu naye, ampepee na amkande, mtunzi anamtaka amtunze kama mtoto asiyejua kusema. Kwa ubeti huo mmoja beti zilizoutangulia zinageuka sura. Maagizo ya kupepea, kukanda, kuchunga usingizi na kuangalia usafi ni maarifa ya kulea mtoto, yakahamishiwa kwa mtu mzima. Maana yake ni kwamba Mwana Kupona alikuwa nayo. Hakuona haja ya kuyaandika mahali pake. Sababu inadokezwa na utendi wenyewe, katika ubeti unaomwonya binti asichanganyike na watumwa isipokuwa wakati wa kazi. Katika nyumba ya waungwana wa Siyu kazi ya mtoto ilikuwa na mikono yake, na mikono hiyo haikuwa na haja ya kuandikiwa wasia.

Malindi haiwezi kulipita jambo hili kwa mbali. Mji huo ulifufuliwa katika miaka ya 1860, chini ya Sultani wa Unguja, kwa mashamba makubwa ya nafaka yaliyolimwa na watumwa, na utumwa haukufutwa kisheria katika mwambao wa Kenya hadi mwaka 1907. Kwa hiyo asemaye kwamba zamani mtoto alilelewa na mikono mingi amesema kweli, na bado hajasema yote. Miongoni mwa mikono hiyo mlikuwa na ya bibi na shangazi, na mlikuwa na ya mtu asiyekuwa na hiari, ambaye huenda mwanawe mwenyewe alikuwa akilia mahali pengine. Bembezi iliyoimbwa na mtu huyo ilikuwa na mama wawili wasiokuwapo.

Msamiati wa uzazi una uaminifu ambao tenzi hazina. Katika pwani mwanamke aliyejifungua huitwa mzazi, na kwa siku 40 yeye ndiye anayelelewa: hukandwa kwa maji moto, hunywa uji wa pilipili manga, na tumbo lake hufungwa kwa nguo iitwayo mkaja. Nguo ya kumbebea mtoto mgongoni ni mbeleko. Maneno haya mawili yana maana ya pili ambayo kamusi huitaja na wahakiki huipita: mkaja na mbeleko, au ubeleko, ni majina ya malipo ambayo bwana arusi humpa mama wa bibi arusi. Lugha imeweka hesabu. Anayemchukua binti hudaiwa gharama ya tumbo lililofungwa na ya mgongo uliobeba, na hudaiwa kwa majina ya nguo zenyewe. Hakuna utungo uliosema kwa ufupi kama huo kwamba malezi ni kazi na kwamba kazi ina malipo. Mama kijana anayenunua mbeleko dukani leo ameipata nguo; deni lililokuwa ndani ya jina lake halikufungwa pamoja nayo.

Lakini lugha hiyo hiyo ina kitenzi kubemenda. Mtoto anyonyaye akikonda au akichelewa kutembea, husemwa amebemendwa. Yaani wazazi, na hasa mama, hawakujizuia katika unyumba kabla ya kumwachisha ziwa. Wamijikenda wana chirwa, udhoofu wa mtoto unaohusishwa na kuvunjwa kwa miiko ya aina hiyo. Mama wa mtoto aliyekonda kwa ukosefu wa chakula, katika mwaka ambao mvua haikunyesha, hujikuta akisomwa tabia zake. Hili ni jambo linalopasa kukumbukwa na kila anayetumia neno asili kama sifa isiyo na doa. Maandishi ya nasaha yanayoenezwa leo miongoni mwa akina mama yameacha miiko ya unyumba, ila yamebaki na sarufi yake: mtoto akiwa na kasoro, kitenzi hutafuta mtendaji, naye ni mama. Hakunyonyesha ipasavyo; alirudi kazini mapema; alimpa maziwa ya mkebe.

Hata hayo yanayohesabiwa kuwa asili zaidi yana umri mfupi. Kunyonyesha kwa miaka miwili ni desturi kongwe, nayo imetajwa katika Kurani, Sura ya 2, aya ya 233. Kumnyima mtoto maji na kila kitu kingine kwa miezi 6 ni jambo jingine. Shirika la Afya Duniani lilishauri muda huo mwaka 2001. Mnamo 2003 watoto wa Kenya wa chini ya miezi 6 walionyonya maziwa ya mama peke yake walikuwa asilimia 13. Mwaka 2014 walikuwa 61, na mwaka 2022 walikuwa 60. Hayo ni mageuzi makubwa ya kizazi kimoja, na sifa yake ni ya wauguzi na ya akina mama waliowabishia mabibi waliotaka kumwonjesha mtoto maji. Kilifi yenyewe ina mfano mwingine. Neno nyuni, ambalo ni ndege katika Kiswahili cha kale, ni jina pia la degedege la watoto, na hofu ya ndege huyo ilijaa majumbani. Jaribio la vyandarua vilivyotiwa dawa lililofanywa wilayani humo, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 1996, lilipunguza vifo vya watoto wa umri wa mwezi 1 hadi 59 kwa theluthi. Chandarua hakimo katika orodha ya malezi ya asili.

Uchambuzi wa bembezi unabaki na kazi ya sasa, mbali na ile ya makumbusho. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mama likizo ya uzazi ya miezi 3, na ushauri wa afya humtaka anyonyeshe bila ya kitu kingine miezi 6. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 iliwataka waajiri watenge mahali pa kunyonyeshea. Mwenye kibanda sokoni hana wa kumdai. Katika miezi inayobaki, kwenye nyumba za kupanga za Malindi na Kilifi mjini, maziwa yaliyokamuliwa hukaa katika chupa na mtoto hukaa na msichana wa kazi, aghalabu aliyetoka Ganze, Magarini au Kaloleni. Mtoto akilia, msichana humwimbia Kigiriama alichotoka nacho kwao, naye humwambia kwamba mama yu njiani. Mikusanyo ya fasihi simulizi huandika kando ya nyimbo kama hizo kuwa fanani ni mama. Mkusanyaji ajaye angeanza kwa kuandika umri wa mwimbaji, kwao ni wapi, na analipwa kiasi gani kwa mwezi.