Kuvuka Mpaka ni Jambo Moja, Kuajiriwa ni Jingine

Mpaka wa Gisenyi, Rwanda, na Goma, Kongo, umezoeleka mno, na mazoea hayo ndiyo yanayowaponza waajiri. Mkazi wa Goma hupita kivuko cha Petite Barrière asubuhi, akarudi kwake jioni, wala hajioni mgeni. Meneja akihitaji fundi humwona kama jirani tu, akampa kazi. Wakili wa uhamiaji anaingilia hapo: hati iliyomruhusu mtu kuvuka haikumruhusu kulipwa mshahara.

Tuchukue mfano wa kampuni ya vinywaji mjini Gisenyi inayotaka mafundi wawili wa mashine za kujaza chupa, mmoja Mkenya, mwingine Mkongomani. Wakili hodari haanzi na fomu. Huuliza kwanza: wakifika kiwandani watafanya nini hasa? Mara nyingi mkataba husema "mshauri", vyeti vinasema fundi umeme, na barua ya mwajiri inasema msimamizi, ilhali mtu mwenyewe atafungua pampu na kuwafundisha vijana wa zamu ya usiku. Karatasi tatu zenye vyeo vitatu zinatosha kumtia shaka ofisa wa uhamiaji. Kuzioanisha na kazi halisi ndiyo sehemu kubwa ya kazi hii, na ndiyo inayodharauliwa zaidi.

Njia ya Mkenya inajulikana. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 1, 2010. Kanuni zake zinamtaka mwenye mkataba unaozidi siku 90 aombe kibali ndani ya siku 15 za kazi tangu mkataba ufungwe, na mamlaka iamue ndani ya siku 30. Lakini kila nchi ilifungua soko lake kwa aina za kazi, kwa hiyo wakili husoma jedwali la Rwanda kabla ya kumwahidi mteja chochote.

Kwa Mkongomani kuna mtego. CEPGL, jumuiya ya kiuchumi ya nchi za Maziwa Makuu iliyozaliwa hapa hapa Gisenyi mwaka 1976, imewazoesha watu kuona pande mbili kama mtaa mmoja, na Kongo ikawa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 2022. Majedwali yale ya aina za kazi, hata hivyo, yalikubaliwa mwaka 2009 na nchi tano, Kongo haimo. Kwa maoni yangu, ombi lake lisimame juu ya sheria ya uhamiaji ya Rwanda ya 2018, hoja ya Jumuiya ije baadaye kuliongezea nguvu.

Kuna pia njia ya uwekezaji. Sheria ya uwekezaji ya Rwanda ya 2015 ilimruhusu mwekezaji aliyesajiliwa, mwenye mtaji wa angalau dola 250,000, kuajiri wageni watatu bila kuthibitisha kuwa ujuzi wao haupatikani nchini. Mwaka 2021 ikaja sheria mpya. Anayenakili ombi la zamani bila kuisoma anamponza mteja wake.

Waajiri wa Gisenyi, mwiteni wakili kabla ya kusaini mkataba. Fundi akishaanza kazi bila kibali, mnaoulizwa ni ninyi na yeye pamoja, na yeye ndiye mwenye uwezo mdogo wa kujitetea.