Hewa Ukaa Ilipoziba Nyufa za Makaa

Mwezi Aprili 1995, kaskazini mwa New Mexico, Marekani, kampuni ya Burlington Resources ilianza kusukuma hewa ukaa kwenye makaa ya mawe yaliyo karibu mita 950 chini ya ardhi. Visima 4 viliingiza gesi hiyo, visima 16 vikavuna methani. Kazi ilisimamishwa Agosti 2001, na mradi huo wa Allison unastahili kusomwa na kila anayetaka kuyageuza makaa kuwa ghala la hewa ukaa.

Ndani ya makaa, methani imenata kwenye kuta za vitundu vidogo mno, ikishikiliwa na shinikizo la maji. Kwa kawaida wachimbaji huvuta maji ili shinikizo lishuke, gesi ibanduke na kupita kwenye nyufa hadi kisimani. Lakini shinikizo likishuka mno, hakuna tena cha kuisukuma gesi iliyobaki. Hewa ukaa hulisaidia tabaka kwa namna mbili: hurudisha msukumo, na makaa huishika kwa nguvu kuliko methani. Katika makaa ya aina hii, kila molekuli ya methani inayotoka hupishana na takriban mbili za hewa ukaa.

Hesabu hiyo ya maabara inavutia, ila inaacha jambo zito. Makaa yakimeza hewa ukaa huvimba, na kwa kuwa yamebanwa na miamba pande zote, huvimbia ndani ya nyufa zake yenyewe. Pale Allison, uwezo wa makaa kupitisha gesi karibu na visima vya kuingizia ulishuka kama mara mia, na kasi ya kuingiza ikapungua kwa takriban asilimia 40. Baadaye ilipanda kiasi, kwani makaa yanayopoteza methani husinyaa.

Makaa ya pale yalivumilia kwa sababu yalikuwa na nyufa nzuri tangu mwanzo. Huko Kaniów, Poland, katika mradi wa RECOPOL, tabaka lilikuwa limebana. Ilibidi lipasuliwe kwa shinikizo mwaka 2005 ndipo likubali kupokea gesi mfululizo, na jumla iliyoingia ni kama tani 760 tu. Yubari, Japani, ili kuzifungua nyufa zilizozibwa na hewa ukaa, watafiti walipitisha nitrojeni, ambayo makaa hayaishiki sana. Njia ilifunguka, kisha ikaanza kuziba tena.

Ndiyo maana naona ni kosa kupima ghala la makaa kwa ukubwa wa akiba yake. Kipimo cha kwanza kiwe upenyezaji, yaani uwezo wa makaa kupitisha gesi, na upimwe makaa yakiwa yamekwisha kuvimba. Tena hewa ukaa ya Allison ilitoka kwenye hifadhi ya asili ya ardhini huko Colorado kwa bomba, kwa hiyo takriban tani 270,000 zilizobaki ndani hazikutoka kwenye bomba la moshi la kiwanda chochote. Waendeshaji wa Allison waliweza kupunguza kasi makaa yalipogoma. Lakini kituo cha umeme kinachochoma makaa hutoa hewa ukaa usiku na mchana, na kisima chake kingelazimika kuipokea yote.